Utani Nao ni Zana ya Kazi: Afya ya Akili kwa Mkulima na Afisa Ugani

  Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya somo la viwavijeshi vamizi, na itakuja. Leo naomba tuweke bomba la dawa chini kidogo, kuna swali ambalo nimekuwa nikiulizwa pembeni.

Mkutano ukiisha, mtu anasubiri wenzake waondoke, anashika usukani wa pikipiki yangu kama vile anaikagua, halafu anasema, "Bibi shamba, hivi na mawazo yana dawa?" Wanaume ndio wanaoniuliza zaidi. Wanauliza huku wanacheka, ili nikikosa jibu tuhesabu kwamba ulikuwa utani, kila mtu ashike njia yake.

Leo nijibu kwa urefu. Diploma yangu ni ya kilimo, niliisomea Ukiriguru, sikusomea udaktari. Lakini kazi hii inaniweka na watu shambani kuanzia asubuhi, na mimi mwenyewe ni mfanyakazi ambaye akili yake inachoka kama ya mtu yeyote. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona yakisaidia, hasa utani na kujitunza, na nitasema pia pale ambapo utani unakuwa dalili ya ugonjwa. Hapo ndipo watu wengi hawapaangalii.

Mzigo wenyewe ni upi

Mkulima anafanya kazi ambayo bosi wake ni mvua. Umelima, umepanda, umepalilia, halafu mvua inakata Januari mahindi yakiwa yanataka kubeba. Hakuna pa kupeleka malalamiko. Mkulima wa pamba naye analima bei asiyoijua, anachukua mbegu na viuatilifu leo, hesabu inakuja kukatwa siku ya kuuza.

Kwa huku kwetu kuna mzigo mwingine, nao ni dhahabu. Unaweza kuwa umeinama kwenye tuta la viazi, kijana anapita na bodaboda anakwambia duara la fulani limetema. Fulani mlisoma naye darasa moja. Mwezi ujao anaezeka bati, wewe bado unahesabu magunia. Hakuna anayekuja kukwambia maduara mangapi hayakutema kitu, wala nani ameuza ng'ombe wote kununua matimba akarudi mikono mitupu. Tunasikia ya waliopata tu. Mkulima anaanza kujiona mjinga, wakati shamba lake linalisha nyumba yake na nyumba za hao wachimbaji.

Sisi maafisa ugani nasi tuna yetu. Mwaka 2022 tulipewa pikipiki na vifaa vya kupima udongo, na tunashukuru, zamani mwenzetu alikuwa anatembea kwa miguu vijiji vitatu. Ila ruzuku ya mbolea ilipoanza mwaka huohuo, kazi ya kuandikisha wakulima ilituangukia sisi, simu ikawa inaita mpaka usiku. Mbegu ikichelewa, anayetukanwa ni yule anayeonekana, na anayeonekana kijijini ni bibi shamba.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani wanakadiria kwamba kila mwaka dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Sonona ni ile huzuni nzito isiyoondoka, inayokunyima usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kazi. Mkulima ambaye haendi shambani siku tatu wakati wa palizi tunamwita mvivu. Inawezekana ni mvivu kweli. Inawezekana pia ni mgonjwa.

Wazee walicheka jembe likiwa mkononi

Watu wanasema habari za afya ya akili ni za mjini. Mimi nakataa. Usukuma ni mahali ambapo utani uliwekwa ndani ya kazi nzito makusudi kabisa.

Wengi wenu mmeona bugobogobo, hata kama ni kwenye sherehe za shule. Leo tunaiona ngoma ya jukwaani, vijana wanarusha majembe hewani na kuyadaka. Lakini asili yake ni shambani. Vijana walikuwa wanajikusanya, wanaenda kulima kwa fulani leo, kesho kwa mwingine, ngoma inapigwa, mwimbaji anatangulia, majembe yanashuka kwa pamoja. Na ndani ya nyimbo mnataniwa. Anayebaki nyuma anasemwa, mwenye shamba aliyepika uji mwepesi anasemwa, mbele ya watu, na yeye anacheka. Jua likiwa kali, heka inaisha.

Kuna Mmarekani, mtafiti wa muziki, Frank Gunderson, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kizima juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, za wapagazi, za wawindaji, za wakulima. Mtu ametoka mbali kote huko kuja kusikiliza watu wanavyolima, sisi tuliozaliwa hapa tunaona ni kelele za wazee.

Na ushindani wa Bagika na Bagalu mnaujua. Makundi mawili ya ngoma, yana zaidi ya miaka mia moja, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Pale Bujora, Kisesa, sherehe za Bulabo kila mwaka mwezi wa sita bado zinawakutanisha. Wanakejeliana kweli kweli, wanatumia nyoka, nungunungu, vinyago, kila kichekesho, ili mtu wa upande wa pili ahame aje kuangalia huku. Ikifika jioni ni majirani walewale.

Je, kicheko kinafanya nini mwilini? Mwaka 2011 Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa utafiti ulioonyesha kwamba watu waliocheka pamoja sana waliweza kuvumilia maumivu zaidi ya wale ambao hawakucheka. Wanaeleza kwamba kicheko cha kutoka tumboni kinaufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu. Nilipolisoma hilo nikawaza kundi la walimaji walioinama tangu alfajiri, migongo inauma, na mmoja anaanza kumwimba mwenye shamba.

Angalieni hilo neno, pamoja. Kucheka peke yako na simu usiku siyo kitu kilekile. Nina simu, naangalia vichekesho kama nyinyi, na nilikua naangalia Futuhi ya Star TV. Ni starehe nzuri. Lakini yule mchekeshaji hakujui, hawezi kuona kwamba leo umecheka kidogo kuliko jana.

Mjukuu wangu wa miaka sabini

Hapa niwape mfano wa shambani. Kuna mzee mmoja kwenye kata yangu, ana miaka sabini na kitu, mimi nina thelathini na kitu. Serikali imeniita afisa ugani, kijiji kimeniita bibi shamba. Yeye akaamua kulichukua neno hilo kama lilivyo. Kama mimi ni bibi, basi yeye ni mjukuu, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Tangu siku hiyo ananiomba pesa ya peremende mbele ya mkutano.

Msimu mmoja nilikwenda kwake, heka nne za mahindi zimeshambuliwa na viwavijeshi vamizi, shina kwa shina. Nilijua habari nilizonazo ni mbaya, muda wa kuokoa sehemu kubwa ulikuwa umepita. Nikamkuta kakaa chini ya mwembe na wanawe wawili, hakuna anayeongea. Akaniona, akasema, "Karibu bibi. Wageni wako walikuja, wamekula wamemaliza, hata kunawa hawakunawa." Nikamjibu, "Mjukuu wangu, hata gunzi hukuniwekea?" Wale vijana wakacheka, na yeye akacheka mpaka akashika kifua.

Viwavi havikufa kwa sababu tumecheka. Lakini baada ya kicheko, wale vijana waliondoka kwenda kuchunga, na mzee akaniambia jambo ambalo nina hakika asingeniambia kama ningefika na daftari na uso wa kikazi. Alikopa laki nne kwenye kikoba na mke wake hajui. Usingizi ulikuwa umempotea tangu alipoliona shamba. Tukakaa, tukahesabu. Tukaangalia kipi kinaweza kupandwa kwa mvua iliyobaki, tukafika kwenye viazi vitamu, mke akaambiwa jioni ileile. Alikasirika, ndiyo, akanuna wiki. Deni lilikuwa na watu wawili wa kulibeba.

Hiyo ndiyo kazi ya utani ninayoizungumzia. Unafungua mlango. Ukishafunguka inabidi uingie, useme jambo lenyewe. Watu wawili wanaweza kutaniana miaka kumi mlangoni na asijue mmoja nini kinamla mwenzake ndani.

Utani una sheria zake

Watanzania tuna bahati, neno letu utani ni pana kuliko kuchekesha. Ni mkataba. Karne ya 19, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, walijenga utani na watu wa njiani, Wazaramo na Wazigua mpaka leo ni watani wao. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, lakini ukiishiwa chakula safarini ndiye anayekupa, na ukifiwa ndiye anayekuja kulala kwenye kaburi lililochimbwa akidai hatoki mpaka alipwe. Watu wanalia, wanajikuta wanacheka, wanapata nguvu ya kuzika. Mwingereza R. E. Moreau aliandika habari za utani wa Tanganyika miaka ya 1940, na watafiti wengi walifuata, kwa sababu waliona kitu chenye utaratibu.

Utaratibu wenyewe msingi wake ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mimi naitumia hiyo kama kipimo. Mkuu anayemfanya mfanyakazi wa chini kichekesho kikaoni, na mfanyakazi hawezi kumrudishia, huo siyo utani hata kama ukumbi wote umecheka. Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja, sisemi cha ofisi gani, mwenzetu akaitwa "mzigo" mbele ya watu thelathini kwa sababu takwimu zake zilichelewa. Tulicheka kwa woga. Yule dada hakuongea tena kikaoni mwaka mzima.

Na kwa wanawake tunaofanya kazi za shambani nasema waziwazi, mkono unaoshika kiuno halafu mwenye mkono akasema "natania tu" haumo kwenye utani wa kabila lolote ninalolijua.

Kuna utani mwingine unatuumiza bila sisi kujua. Mtu akisema amechoka akili, anaambiwa, "Tukupeleke Mirembe?" Mirembe ni hospitali pale Dodoma, watu wanatibiwa wanarudi makwao kama wanavyorudi waliolazwa Bugando kwa malaria. Tumeigeuza kuwa tusi. Matokeo yake yule mkulima anayeshika usukani wa pikipiki yangu anaogopa hata kusema neno hospitali. Tukiacha utani huo mmoja tu, tutakuwa tumesaidia watu wengi bila kutoa senti.

Kicheko siyo lazima kiwe furaha

Majirani zetu wa Kagera wanalijua hili kuliko sisi. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wilaya ya Bukoba ya wakati ule, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kikaenea. Kufika katikati ya Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa tarehe 18. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kikafika Nshamba, watu 217 wakapatwa huko. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika ripoti mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza chakula, hawakupata sumu wala mdudu.

Duniani wanaisimulia kama hadithi ya kuchekesha. Ukisoma ripoti unaona haikuwa na furaha hata kidogo. Watoto walikuwa wanacheka wanalia, wanahangaika, wengine kwa saa, wengine kwa siku nyingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulikuwa msongo wa mawazo uliokosa njia nyingine ya kutokea. Watoto wamefungiwa bweni, sheria kali, nchi inabadilika, hakuna wa kumwambia.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu moja. Mtu anayecheka sana siyo lazima awe mzima. Msikilize anacheka nini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Walisema siyo ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa, na ina dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuwa mbali na kazi yako au kuidharau, na kuona huwezi tena kufanya kitu kikafaa. Hiyo dalili ya pili, ya kudharau, kwetu mara nyingi inakuja ikiwa imevaa nguo za utani.

Mwenzetu wa kwenye kundi

Yupo mwenzetu mmoja, bwana shamba, ameniruhusu niandike ila nisiseme jina wala halmashauri. Kwenye kundi letu la WhatsApp yeye ndiye alikuwa mchekeshaji mkuu. Mto ukijaa anaandika, "Leo sikupanda pikipiki, yenyewe ndiyo imenipanda mimi." Tulikuwa tunasubiri ujumbe wake kama taarifa ya habari.

Msimu ule mbegu ya pamba ilichelewa kwake. Wakulima walimtukana, mmoja alimfuata mpaka nyumbani. Takwimu zilitakiwa kwa tarehe fulani, mafuta ya pikipiki anaweka kwa mshahara wake. Alikuwa analala saa tatu kwa usiku, tulikuja kujua baadaye. Tulichokiona kwenye simu ni kwamba utani wake ulihama. Kwanza ulikuwa juu ya pikipiki na matope. Ukahamia kwa wakulima, akaanza kuwafananisha na magunia, ukiwasimamisha wanaanguka. Watu wakacheka. Halafu ukahamia kwake mwenyewe. Usiku mmoja saa nane akaandika, "Nikipotea msiitishe kikao, posho haitoshi."

Asubuhi ujumbe ule ulikuwa umejaa vikatuni vya kucheka. Lakini afisa mifugo mmoja aliyekuwa macho usiku ule hakutuma kikatuni. Alipiga simu. Akamuuliza moja kwa moja, "Kaka, unafikiria kujiua?" Kimya. Halafu mwenzetu akaanza kulia.

Nilisitisha kidogo hapa nikiandika, kwa sababu wengi wanaamini ukimuuliza mtu swali hilo unampa wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema sivyo, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi anapata nafuu kwamba kuna mtu ameona.

Yule afisa mifugo aliwasha pikipiki usiku huohuo. Alipofika, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa ufunguo wa stoo ya viuatilifu. Akauweka mfukoni mwake, akalala pale kwenye mkeka, asubuhi wakaenda hospitali pamoja. Mwenzetu alitibiwa, akapewa mapumziko, baadaye akarudi kazini. Ananiambia bado kuna siku anaamka mzito kama amebeba tofali. Ila juzi aliandika tena habari za pikipiki yake, na mimi nilifurahi kuiona ile pikipiki kuliko nilivyocheka.

Ufunguo wa stoo

Kwa kuwa mimi ni mtu wa viuatilifu, hili siwezi kulipita haraka. Sumu tunazotumia kwenye pamba na mboga zinaua watu vijijini duniani kote, na wengi wao walikuwa na saa chache tu za giza ambazo zingepita. Sri Lanka walianza kupiga marufuku sumu kali zaidi za kilimo, moja baada ya nyingine, na vifo vya kujiua vilishuka kwa takribani asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Kilimo chao hakikufa.

Kwa hiyo dawa ya shamba isilale chumbani, uvunguni mwa kitanda, kama ninavyoikuta kwenye nyumba nyingi. Nunua ya kutosha palizi hii, siyo ya misimu miwili. Iwe kwenye sanduku lenye kufuli, ndani ya chupa yake yenye lebo, mbali na chakula. Na kama kuna mtu nyumbani anapita kipindi kigumu, ufunguo ukae kwa mtu mwingine, au sanduku lihamie kwa jirani unayemwamini. Msiogope kwamba mnamdhalilisha. Mwambieni kwa upole kwamba mnamtaka.

Tena, mkulima aliyepiga dawa siku nzima bila kinga, jioni kichwa kinauma, jasho linamtoka, ana wasiwasi na hana usingizi, huyo huenda hana mawazo yoyote. Ameingiwa na sumu. Aende zahanati na chupa ya dawa aliyoitumia, waione lebo. Wachimbaji wanaochoma dhahabu kwa zebaki nao wasikilize: kutetemeka mikono, kusahau, hasira zisizo na sababu na kukosa usingizi ni madhara yanayojulikana ya moshi wa zebaki. Hakuna utani wala maombi yatakayoitoa hiyo kama unaendelea kuivuta kila siku. Kwanza acha kuuvuta moshi, kisha kapimwe.

Kujitunza kwa mtu asiye na muda

Ukisoma magazeti utaambiwa kujitunza ni kwenda ufukweni. Sisi ufukwe wetu ni Chato na Nungwe kule ziwani, tukienda tunafuata dagaa. Kwa hiyo niseme ninayoyafanya na ninayoyaona yanawezekana.

Kula kabla ya kuamua jambo. Mkulima anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tisa mchana hajaweka kitu tumboni, anakutana na mtoto amefukuzwa ada, anagombana na nyumba nzima. Michembe mfukoni haina gharama, na maji. Nusu ya ugomvi ninaousuluhisha mashambani ni njaa.

Lala. Wakati wa kuvuna watu wanajivunia kutolala. Mtu asiyelala siku nyingi anaona kila kitu kimeharibika, hata kile ambacho hakijaharibika. Mimi simu ya kazi naizima saa tatu usiku. Mwanzoni walinisema nimekuwa na maringo, nikawaambia viwavi navyo vitanisubiri mpaka asubuhi. Wakacheka, wakazoea.

Likizo chukua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za mapumziko ya mwaka yenye malipo. Nawajua watumishi wanaosimulia kwa fahari kwamba hawajaenda likizo miaka minne. Na nyinyi wenye vibarua, sheria hiyohiyo inazungumzia pia saa 24 za kupumzika kila wiki. Mkulima hana wa kumpa likizo, inabidi ajipe. Jumapili au Ijumaa, au siku yoyote, jembe likae ndani.

Jambo jingine nililolianza kwa kujaribu: nyuma ya daftari langu la ziara naandika kila jioni kitu kimoja kilichofanyika. Kimoja tu. "Mama fulani amepanda kwa mstari." Taarifa zetu za kazi zimejaa yaliyoshindikana, na ukizisoma mwaka mzima unaweza kuamini hujafanya kazi. Siku ngumu naufungua ule ukurasa wa nyuma.

Pombe sitahubiri, kila mtu ana dini yake. Nasema tu nilichokiona: gongo ya leo inaongezwa kwenye mawazo ya kesho, na mwenye kilabu ndiye anayepata faida.

Na rudisheni kulima kwa pamoja. Kama majembe ya kuimba yamewashinda, basi kaya tano tano, leo kwangu kesho kwako. Vikundi vya kikoba mnavyo tayari, watu mnajuana. Palizi inaisha haraka, hilo nimeliona kwa macho yangu, na mtu asipotokea siku mbili anatafutwa. Mkulima aliye peke yake kwenye heka zake sita anaweza kuugua mwezi mzima na asiyejua wa kwanza akawa jirani yake.

Ukiona imezidi

Kama kwa wiki mbili mfululizo huna usingizi, huna hamu ya chakula, unaona bora usiwepo, au watu wa nyumbani wanasema umebadilika, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Waambie kama ulivyoniambia mimi, hata kama utacheka kidogo ukisema. Wataalamu wapo hospitalini, na Bugando pale Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili. Kama una wazo la kujidhuru usisubiri wiki mbili, mwambie mtu usiku huohuo, mwamshe. Ukiogopa kwenda peke yako, tafuta wa kukusindikiza. Kwenye kata yangu mnajua pikipiki yangu inapolala, na kiti cha nyuma kipo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi, namna ya kukagua shamba mapema kabla wageni hawajakaa mezani. Andaeni maswali.